Kwa Shangazi wa Vitabu: Kizuri Kivipi?

Mwezi uliopita niliwaomba wasomaji mniandikie mnasoma nini sa hivi na mnakionaje, nikadhani zitakuja barua mbili tatu niendelee na maisha yangu, kumbe jamani Dar watu wanasoma! Wanasoma kwenye mwendokasi wamesimama, wanasoma kwenye foleni ya Buguruni, kuna mlinzi kaniambia anasoma zamu ya usiku ili asisinzie (bosi wake asinunue gazeti hili tafadhali). Kurasa nilizopewa ni chache kwa hiyo barua nyingine nimezikata, msimaindi. Twende.

SWALI: Shangazi shikamoo. Sisi ni vijana wa huku Tabata tuna kikundi chetu cha kusoma, tunakutana Jumapili jioni kwa mwenzetu mmoja, tunanunua mihogo na soda tunakaa kibarazani. Shida yetu tukimaliza kitabu kila mtu anasema kizuri, kina mafunzo, basi, muda si mrefu tumeshahamia kwenye Simba na Yanga. Juzi tulikuwa na Rosa Mistika ya Kezilahabi, mmoja akasema kinafundisha wazazi wasiwe wakali sana kwa mabinti, wote tukaitikia. Mi moyoni nilihisi kuna zaidi ya hapo ila nikashindwa kulitoa. Tufanyeje?
– Mwenye Lake Moyoni, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Ugonjwa wenu naujua na sio wenu peke yenu, tumeambukizwa wote shuleni. Si unakumbuka fani na maudhui? Kitabu kinafunguliwa tu mwalimu anadai dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, halafu mwisho kabisa kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, na hapo kwenye kutofaulu darasa zima tulikuwa tunaandika sentensi moja ileile tuliyonakili ubaoni. Mtu unatoka pale na cheti chako, miaka inapita, siku moja unashika riwaya kwa hiari yako, umelipa hela yako mwenyewe, na bado unaitafutia ujumbe kama vile mtihani ni kesho asubuhi. Ujumbe upo, sikatai, ila ujumbe ni kitu ambacho hata asiyefungua kitabu anaweza kukisema. Wazazi msiwe wakali! Hiyo hata bibi yangu ambaye riwaya hakuwahi kuishika angekuambia bure.

Sasa chukueni hiyo hiyo Rosa Mistika. Ilitoka 1971, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, kijana wa Ukerewe hata miaka thelathini hajafikisha, na ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. We jiulize, kitabu kinachosema tu wazazi wapunguze ukali kinapigwa marufuku kwa lipi? Kuna kitu kiliwatisha wakubwa. Mi naona kilichowatisha ni kwamba mwandishi anakataa kumnyooshea Rosa kidole na kumaliza habari. Anakuonyesha Zakaria, baba mtu, na pombe zake, anampiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, halafu binti huyo huyo anapelekwa shule mbali hajui hata namna ya kuongea na mwanaume bila kutetemeka, na huko mbele wanamsubiri wanaume wenye elimu zao na vyeo vyao, kila mmoja anachukua chake anaondoka, halafu jamii nzima inageuka kuuliza huyu mtoto kaharibikaje. Nani mwenye kosa hapo? Kitabu hakikupi jina moja ukalala usingizi. Mwisho wake siusemi, kuna ambao hawajafika. Na kuna watu, akina dada hasa, watakuambia hapana Shangazi, kitabu kinamuonea Rosa, kinamtembeza kwenye mateso ili sisi tusome tusikitike. Hiyo nayo ni hoja na kuna siku naikubali nusu.

Kwa hiyo Jumapili ijayo kila mtu aje na ukurasa mmoja aliouwekea alama, pale alipokasirika au alipocheka au aliposinzia, ndio, na kusinzia kunahesabika. Ausome kwa sauti, halafu aseme ilikuwaje. Neno mafunzo liwe marufuku, atakayelitamka ananunua soda za wote. Na mkikuta ukurasa uliomchekesha mmoja ndo uleule uliomliza mwingine, hapo msitawanyike mpaka mbu wawafukuze.

SWALI: Shangazi heshima yako. Mi ni fundi friji Mbagala, shule sikwenda sana ila riwaya za upelelezi nazila kweli, Willy Gamba, Joram Kiango, Bwana Msa, nanunua za mitumba kwa jamaa wanaopanga chini pale Posta. Sa hivi narudia Kufa na Kupona. Sasa kuna shemeji yangu yuko chuo, kila akinikuta anasema hivyo sio vitabu ni vya kupotezea muda, fasihi yenyewe siijui. Nimjibuje?
– Fundi Msomaji, Mbagala

JIBU: Fundi, huyo shemeji mwambie Shangazi anamsalimia, halafu muulize kama Mzimu wa Watu wa Kale kakisoma. Hicho cha Muhammed Said Abdulla kilishinda shindano la uandishi la 1957/58 kabla hakijatoka kitabu 1960, ndimo Bwana Msa anapozaliwa na kiko chake mdomoni, na Kiswahili cha mle ndani ni cha Unguja kimekolea, watu wanaongea mpaka unasikia sauti. Huwezi kuhadithia riwaya ya Kiswahili ilikotoka ukamruka Bwana Msa, hao walimu wake wa chuo wanajua.

Na hiyo Kufa na Kupona unayorudia, imetoka 1974. Hebu ifikirie Dar ya miaka ile. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa hapa, wapigania uhuru wa kusini wamejaa mjini, na Februari 1969 kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa hapa hapa Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kwa posta. Ndani ya kitabu! Sasa msomaji wa Kariakoo wa 1974 anaposoma Willy Gamba anakimbizana na watu wanaowinda siri za wapigania uhuru, yule hasomi ndoto za sinema, anasoma hofu ya mtaani kwake, imevalishwa suti na bastola. Shemeji anasema kupoteza muda, mi nasema Elvis Musiba, mwandishi wa Willy Gamba, alikuwa anaandika siasa za kusini mwa Afrika kwa watu ambao hotuba zilishawachosha.

Ila fundi usije ukanipeleka kwa shemeji kama shahidi wako wa kila kitu, maana na mimi nina ya kwangu na Willy Gamba. Wanawake! Kila hoteli anayoingia kuna mrembo, mrembo hajamaliza hata kunywa soda kashapenda, na ukurasa unaofuata tunaelezwa umbo lake kuliko tunavyoelezwa kesi yenyewe. Nikiwa msichana nilikuwa naruka kurasa hizo, sa hivi nazisoma nikiguna. Ben Mtobwa, aliyemwandika Joram Kiango, naona kajitahidi kidogo, Nuru, mwenzake Joram, angalau ana akili na anaitumia, na Mtobwa alikuwa anajua kuandika usiku wa mji huu, taa zake na uchafu wake, kuliko wengi wanaoitwa waandishi wa maana. Kwa hiyo ukitaka kumnyamazisha shemeji usimwambie navipenda tu. Mwambie navipenda kwa hili na hili, na hapa na hapa vinanikera. Asiyevisoma hawezi kukujibu hapo.

SWALI: Shangazi nisaidie. Nimesoma Nagona nimemaliza, sijaelewa. Nimerudia, sijaelewa. Wenzangu hosteli wanasema ni kitabu cha hatari sana, nikiwauliza hatari yake nini wanacheka. Nina akili kweli mimi?
– Mwanafunzi, Ubungo

JIBU: Unazo, na una moja ya ziada maana hujajifanya. Hao wanaocheka waombe wakusimulie sura ya kwanza tu utaona.

Nagona ya 1990 na mwenzake Mzingile wa 1991 ni Kezilahabi huyo huyo wa Rosa, ila hapa kati alikwenda Wisconsin Marekani akafanya udaktari wake na falsafa ikamkaa kichwani, akarudi hataki tena hadithi ya fulani kazaliwa kakua kaoa. Ndo maana unakutana na akina Plato na Socrates na Nietzsche wamo humo wanazungumza kama wazee wa kijiwe, na muda haujulikani, na mahali hapajulikani. Na hakuanza leo kusumbua watu, diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 iliwakasirisha wapenzi wa mashairi ya vina na mizani mpaka wakasema haya sio mashairi kabisa.

Sijaelewa ni maoni halali kabisa bora tu uweze kuonyesha ulipopotelea. Ulipotea mwanzo kabisa, au palipotokea wale wanafalsafa? Ukishapajua rudi hapo tu, usirudi mwanzo. Kisome kwa sauti usiku kidogo kidogo, ni kama kahawa ya kijiweni, ukiibugia unaungua. Mi mwenyewe kusema ukweli kati ya vyake vyote nakipenda zaidi Kichwamaji, yule Kazimoto msomi wa chuo kikuu anayeshindwa kukaa mjini na kijijini pia, kila mwaka naona vijana wa aina yake hapa Dar wanaongezeka. Nagona nakiheshimu, kukipenda bado. Wataalamu mnisamehe au msinisamehe.

SWALI: Mimi ni mama wa kijana wa kidato cha tatu. Wana kitabu kinaitwa Watoto wa Mama N'tilie, mwanangu kanunua karatasi za uchambuzi steshenari anakariri, kitabu chenyewe hata hajakifungua. Nikimuuliza anasema mama hiki kinaboa. Kinaboa kweli?
– Mama wa Kigamboni

JIBU: Hakiboi mama. Kinahusu watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, mama anauza chakula mtaani ndo nyumba inakula, baba, yule Mzee Lomolomo, ni mlevi wa kutupwa. Emmanuel Mbogo kakiandika kwa kasi na ni kifupi, kwa kijana asiye mvivu ni wikiendi moja inaisha. Zile karatasi mfiche mpaka amalize, na ukimaliza na we kukisoma (kisome!) msibebane na maswali ya mtihani. Siku mko wote kwenye pantoni, wale watoto wanaopita kuuza karanga na maji, muulize tu yupi kati yao angekuwa Peter, yule wa kitabuni. Akijibu kwa hasira ujue kakisoma.

SWALI: Shangazi, mimi umri wangu ni wa kukuzaa lakini nitakuita hivyo hivyo. Ni mstaafu, naishi Magomeni. Mjukuu wangu aliniletea Paradise ya Gurnah kwa Kiingereza, nimefika katikati kwa msaada wa kamusi. Maoni yangu ni kwamba mwanzo nilivutiwa sana lakini ile safari ya msafara kwenda bara imenichosha. Nasikia kipo kwa Kiswahili, ila mjukuu anasema tafsiri ni za wasiojua Kiingereza. Wewe unasemaje?
– Babu wa Magomeni

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu umpe pole. Peponi imetoka 2022, mwaka mmoja tu baada ya Gurnah kupewa Nobel ya fasihi, ndo hiyo Paradise kwa Kiswahili, wachapishaji ni Mkuki na Nyota wa hapa hapa na mtafsiri ni Ida Hadjivayanis, mama anayefundisha Kiswahili chuo kikuu London. Sasa fikiria mzee, Yusuf, yule mtoto wa miaka kumi na miwili anayetolewa na baba yake kufidia deni, na tajiri Aziz, na wapagazi na wanyapara wa msafara, wale watu wote kwenye hadithi wanaongea Kiswahili! Gurnah ndiye aliyewaandikia Kiingereza mwaka 1994 kwa sababu Kiingereza ndio lugha anayoandikia. Kwa hiyo anayesoma Peponi anawasikia wakitaniana na kutukanana kwa lugha ya midomo yao, na matusi ya msafarani, mzee wangu unisamehe, kwa Kiswahili yananoga zaidi. Kiingereza chake nacho kina utulivu wake, anakuambia jambo la kutisha bila kupandisha sauti, na tafsiri yoyote itahangaika hapo. Ukiweza vyote viwili sawa, ila anza na Kiswahili, kamusi ipumzike.

Kuhusu safari kukuchosha, hapo tunatofautiana na nafurahi tutofautiane. Mi ile safari ndo moyo wa kitabu. Aziz pwani ni seyyid, watu wanambusu mkono, biashara yake ni madeni ya wenzake, halafu kadiri anavyoingia bara nguvu inampungua, mpaka anafika kwa yule mtawala Chatu na kule hakuna anayemjua wala anayemuogopa. Uchovu unaousikia wewe nahisi Gurnah kauweka makusudi, wapagazi wenyewe wamechoka, wanaumwa, wanakufa njiani. Ila kama hata ukijua hivyo bado unasinzia basi unasinzia, umestaafu, nani atakulazimisha. Kitabu ulizia duka la TPH pale Samora, au Maktaba Kuu pale Bibi Titi kama pensheni bado haijatoka.

SWALI: Rafiki yangu nimemwazima kitabu tangu mwaka jana, hajarudisha, nikimuuliza anasema bado anasoma.
– Nimechoka, Temeke

JIBU: Muulize kafika wapi. Akibabaika kifuate nyumbani kwake, na umbebe nduguyo mmoja mwenye sauti.

SWALI: Shangazi, mimi na mume wangu tumesoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa kupokezana, mimi mchana yeye usiku, sasa nyumba haikaliki. Yeye anasema Yasmin ni mwanamke asiye na shukrani, kaolewa kwa heshima na mzee Raza mwenye duka lake, akamkimbia akaenda kutangatanga Ng'ambo, ule mtaa wa Unguja. Mimi nasema yule alikuwa mtoto na ndoa hakuchagua. Halafu tukaangalia na ile filamu, ndo ugomvi ukaongezeka. Tuamue.
– Bibi na Bwana, Sinza

JIBU: Filamu ya Amil Shivji ya 2021 iwekeni pembeni kwanza, imechagua vyake na kuacha vingine, na nahisi nusu ya kelele zenu mmoja anaongelea filamu mwenzake anaongelea kitabu.

Bwana, nakuheshimu, ila hilo la heshima umelitoa wapi? Nionyeshe ukurasa. Binti wa Kihindi mdogo kabisa anaozwa mwanaume wa umri wa baba yake au zaidi, na Shafi hafichi jinsi anavyomuona huyo mume, tunakuwa ndani ya macho ya Yasmin. Akitoka hakimbilii starehe, anakimbilia kwao na kwao wanamfungia mlango. Hapo ndo useme shukrani? Kwa hiyo kwenye hili bibi kashinda, na ningekuwa karibu ningemnunulia chipsi kuku.

Ila bibi usishangilie sana maana na we kuna kitu umekiruka, kama wasomaji wengi wanavyokiruka. Mnagombania Yasmin, wengine kule wanagombania Denge na siasa zake, katoka kusoma Urusi anapambana na Mwingereza na askari wanamfuata kila kona, sawa, ni shujaa. Mwajuma je? Maana mlango wa kwao ulipofungwa, uliofunguka ni wa Mwajuma. Hana kitu, chumba chake cha Ng'ambo hicho hicho anakigawa nusu, anamlisha, anamchekesha, anampeleka taarabu, hamuulizi dini yake wala kabila lake wala lini ataondoka. Wakati wanaume wanapanga kuikomboa nchi kwenye vikao vya siri, yeye ule umoja wanaouhubiri anauishi bila kuhudhuria kikao. Mi kila nikikisoma naona kile ni kitabu cha Mwajuma, Shafi alisahau tu kumuweka mbele, au hakusahau na katutegea.

Kuna atakayesema nazidisha, kwamba Mwajuma yupo kupamba stori na kuleta utani. Aniandikie, ila aje na kurasa. Na nyie wa Sinza leo usiku msipokezane, kaeni pamoja mrudie zile sehemu za chumbani kwa Mwajuma, na bwana ndo asome kwa sauti.